Simbi za Kufukia

Alhamisi, 3 Julai 2025

Tunakwenda ziwani! Siku ya Saba Saba, kwaya nzima, kosta ya kukodi, Bariadi hadi Busega na kurudi. Tumepitisha leo baada ya mazoezi. Waliopinga ni wa sauti ya nne peke yao, na hoja yao ni mamba. Tukawapigia kelele mpaka wakakubali.

Wazo ni la Felisita. Mwalimu Felisita, darasa la tatu, sauti ya pili. Ana meza darasani kwake ya kuwaonyesha watoto vitu vya asili, na wengi wao ziwa wamelisikia tu. Akasema angefurahi sana kama tungemsaidia kuokota makombe ya ufukweni na kuangalia ndege na wanyama wa huko ili akawasimulie. Alisema "angefurahi sana" akiangalia upande wangu. Au upande wa dirisha, lakini dirisha liko nyuma yangu.

Kabla sijafungua mdomo akasimama Deogratias. Anafundisha baiolojia sekondari, anaimba sauti ya tatu vizuri na anajua hivyo. Akasema ana darubini. Akasema atamtajia Felisita kila ndege kwa jina. Watu wakapiga makofi, kana kwamba ndege kawaumba yeye.

Hapo nikasema mimi nimekulia ziwani. Sijui yalitoka wapi maneno hayo! Nimekulia Kimali, Meatu, ambako maji mengi niliyowahi kuyaona ni ya lambo, na katikati wamesimama ng'ombe. Lakini Felisita akageuka. Akatabasamu. Akasema basi Marcelo ndiye atakayetuongoza.

Mambo si mchezo. Sengi Nyanjige, dada wa marehemu baba, ndiye aliyepeleka neno la posa kwa Felisita kwa niaba yangu mwezi uliopita. Jibu limekuja leo: atasema ndiyo au hapana tukishatoka ziwani, kwa sababu anataka kwanza kuniona nikiwa nje ya karakana yangu ya baiskeli. Sengi akanishika mkono. Akanisihi: ng'wanone, mwanangu, siku hiyo moja tu, usitumie akili. Sikumwelewa.

Ijumaa, 4 Julai

Nimepata mpango! Umenijia nikinyoosha rimu ya baiskeli ya mteja wa Dutwa. (Rimu imepinda zaidi. Atasubiri.)

Hatari iko hivi. Tukifika ufukweni tukakuta mchanga mtupu? Kiongozi aliyekulia ziwani asione hata kombe moja? Aibu. Dawa yake ni kuhakikisha makombe yapo kabla sisi hatujafika.

Nikaenda sokoni kwa Kwandu, mama anayeuza dawa za asili. Ana simbi, zile kombe ndogo nyeupe zenye mdomo wa meno, ambazo waganga hupigia ramli na wacheza ngoma hujifunga. Nzuri mno! Zinang'aa kama sahani mpya. Nikanunua kopo zima. Kwandu akaniuliza ni babu gani aliyeniita. Nikasema ni za watoto wa shule. Akaniangalia kwa huruma, akasema wote mwanzoni husema hivyo, akaniongezea ushanga mweupe bure. Mfanyabiashara mwenye moyo kama ule sijapata kuona.

Kisha nikampigia Masele, mtoto wa mjomba, anayeuza samaki kulekule Busega. Nikalituma kopo kwa basi. Maagizo mepesi: alifukie Jumapili karibu na maji pale tutakaposhukia, chini ya jiwe kubwa lenye ufa aliloniambia lipo, mchanga kidogo juu. Basi. Masele akauliza ndani kuna nini. Nikamwambia simbi. Akauliza kama afya yangu ni njema. Akauliza kama anaweza kufanya jambo hilo kwa heshima zake zote.

Nikamwambia alifanye kwa heshima zote. Napenda kijana anayejali kazi.

Jumapili, 6 Julai

Deogratias kaja na darubini kanisani! Kaivaa shingoni wakati wa misa. Tulipotoka akamwonyesha Felisita mbayuwayu juu ya mnara wa kengele, ndege ambaye kila mtu alikuwa anamwona kwa macho yake. Felisita akashika darubini, Deogratias akamshika Felisita kiwiko. Darubini haihitaji kushikwa kiwiko. Nimewahi kutengeneza moja, najua.

Mchana nimejifunza majina ya ndege kwenye simu. Furukombe ni yule mwenye kichwa cheupe. Mnandi ni mweusi, anazamia samaki. Wengine wote nimeamua kuwaita korongo.

Masele kapiga simu. Kazi imekamilika, kila kitu kipo mahali pake, na mama yake kamsaidia. Nikamwambia kufukia kopo hakuhitaji msaidizi. Akasema mambo kama haya hayafanywi na mtu mmoja. Mchapakazi kwelikweli.

Kesho!

Jumatatu, 7 Julai, Saba Saba

Siku ya ajabu! Nianze mwanzo.

Kosta iliondoka saa kumi na mbili. Kila kilichotokeza nje ya dirisha nilikitaja kwa sauti, kama kiongozi. Tulipopita Dutwa, pamba kila upande, watu wakaniomba nipumzike.

Halafu ziwa. Jamani! Sikujua. Nilidhani ni lambo kubwa. Kumbe maji yanakwenda mpaka yanagusa mbingu, na yana mawimbi yake, na upepo wake, na harufu yake. Nikasimama mdomo wazi. Felisita akaniuliza mbona naliangalia kana kwamba naliona mara ya kwanza. Nikasema nimelikumbuka sana.

Dakika zile zile nikaona mamba. Nikapiga ukelele. Sauti ya nne yote ikarudi ndani ya kosta na kufunga mlango. Deogratias akainua darubini bila haraka. Akatangaza kwamba ni gogo. Kisha akatoa somo kuhusu kichocho, jinsi kinavyotoka kwa konokono wa majini, na kwamba tusiingie maji hovyo. Felisita akamsikiliza kwa makini yote. Somo refu lile lilinichosha kuliko safari.

Lakini wanyama tuliwaona! Furukombe alishuka mbele yetu akanyanyua samaki, nikamtaja kwanza mimi, kwa jina lake, sahihi. Tumbili kwenye mti, na mtoto kifuani. Kenge mrefu kama benchi la kanisa, akipita zake bila kumsalimia mtu. Wakati wote huo Felisita alikuwa ameinama, anaokota na kutia kwenye kikapu. Sikuangalia anaokota nini. Akili yangu ilikuwa kwenye jiwe lenye ufa. Kitu fulani kilikuwa kinapasuka-pasuka chini ya viatu vyangu njia nzima, nikalaumu mchanga wa huku.

Nikawakusanya. Nikasema uzoefu wangu wa utotoni unaniambia tuelekee kwenye lile jiwe. Tukaelekea. Na hapo ndipo nilipojua Masele alifanya nini.

Hakufukia kopo. Alitandika kitambaa cheupe. Juu ya kitambaa nusu ya kibuyu, ndani yake simbi zangu zote, zimepangwa duara. Ule ushanga wa Kwandu pembeni. Unga wa mtama umenyunyizwa kuzunguka, na manyoya ya kuku mweupe. Kwa heshima zote! Na kwa mbali kidogo wameketi kina mama wa pale kijijini, vikapu vya dagaa pembeni, wakingoja tangu asubuhi kuona mwenyewe ni nani.

Kwaya ikasimama. Mimi, kwa sababu nilikuwa nimeshasema nitachimbua, nikainama nikakishika kibuyu.

Wale mama wakapiga vigelegele.

Nikasema mimi si mfumu, sipigi ramli, mimi ni fundi baiskeli. Mama mmoja akawaeleza wenzake kwamba ndivyo inavyokuwa, aliyeitwa na mababu hukataa kwanza, na anayekataa sana ndiye mwenyewe. Kwa hiyo nikakataa zaidi. Nikazidi kuwa mwenyewe.

Akajitokeza mzee mmoja, Ng'washi jina lake, fimbo mkononi, akanisalimu kwa Kisukuma, mwadila, kwa adabu inayotolewa kwa watu wazito. Mtamba wake amepotea tangu jana. Ameshatembea mpaka miguu imekataa. Ndiye mtamba pekee aliyebaki, wengine walikwenda kwenye mahari ya mwanawe. Akaniomba nimwangalizie.

Ningekataa tena. Naapa! Lakini Deogratias akacheka. Akawaambia wazee wasihangaike na Marcelo, mtu ambaye hata gogo na mamba vinamchanganya. Na Felisita alikuwa pale, kikapu mkononi, ananiangalia.

Nikazirusha simbi kwenye kitambaa. Nikaziangalia kwa muda mrefu. Ng'ombe hupenda nini? Maji na majani. Vyote viko wapi? Nikanyoosha mkono kwenye matete nyuma ya mawe na kusema yuko kule.

Kijiji kizima kikaenda, na kwaya nyuma yake. Deogratias akatangulia, akapanda juu ya mwamba, akaweka darubini machoni. Akatutangazia kwamba hakuna ng'ombe hapo. Kuna matete na mawe, na lile kubwa jeusi katikati ni jiwe pia.

Jiwe likapiga mwayo.

Kiboko! Kiboko mzima, mwenye meno! Akainuka, maji yakimtiririka, akatoa sauti ambayo besi zetu haziiwezi hata kwa Pasaka. Matete yakatikisika, na humo akatoka mtamba mwekundu mkia juu, anakimbia kuliko pikipiki. Akaipita sauti ya kwanza. Akampita mzee Ng'washi, ambaye alikuwa analia na kucheka na kukimbia vyote pamoja. Deogratias aliruka kutoka mwambani, darubini ikaenda ziwani, naye akampita Felisita bila kugeuka. Nami nilimpita. Lakini mimi niligeuka.

Kiboko hakutufuata. Alirudi kulala. Felisita alikuja taratibu, viatu mkononi, wa mwisho kabisa, amekumbatia kikapu chake. Kimejaa makombe! Ya konokono yaliyosokotwa, ya kome ambayo ndani yanameta rangi ya upinde wa mvua. Ufukwe mzima ulikuwa umejaa, nami nimeshinda nikiyakanyaga.

Nikamuuliza jibu langu. Akaniuliza kwanza kama nina la kumwambia. Nikasema sina. Akapanda kosta.

Jumanne, 8 Julai

Nimefungua karakana nimekuta foleni. Hakuna hata mmoja mwenye baiskeli.

Mzee Ng'washi ana simu, inaonekana, na ndugu wengi. Mtu katoka Lagangabilili kuuliza kama atafaulu usaili wa kazi. Mama mmoja anatafuta mbuzi. Nimewaambia mimi ni fundi. Wametikisa vichwa kwa unyenyekevu na kukaa chini kungoja. Mteja wa rimu kaja kuichukua, kaiona ilivyopinda, kaondoka kimya bila kudai kitu. Hapo lazima niseme ukweli, nilifurahi kidogo.

Nyumbani sengi kanipokea kwa uji, amepiga magoti. Sengi yangu mwenyewe! Anasema alijua siku zote, maana babu mzaa baba naye alikuwa akiongea peke yake.

Jioni katekista Luhende kanitumia mtu. Hatapiga kelele, ni mtu mpole, lakini amesema wazi kwamba mpiga ramli hasimami na kwaya yake, na nimpe maelezo kesho kwenye mazoezi.

Sasa ona nilipo. Nikikaa kimya mimi ni mfumu, natoka kwenye kwaya, na Felisita yuko kwenye kwaya. Nikisema simbi nilizinunua, mimi ni mwongo, na mwongo huyo ndiye aliyemwambia Felisita amekulia ziwani. Nimefikiria kumsingizia Masele. Nimempigia kumjulisha. Yuko tayari kwa moyo mmoja, ila anataka kujua kwanza kama mababu wataridhika. Nimekata simu.

Naogopa. Sijawahi kuogopa hivi kwa ajili ya mtu mwingine kuniona nilivyo.

Jumatano, 9 Julai

Felisita kaja karakana! Kapita katikati ya foleni, watu wakampisha wakidhani ana shida kubwa. Kaketi kwenye kigoda cha wateja. Kachukua simbi moja mezani, kati ya zile nilizorudi nazo, kaigeuza.

"Marcelo, simbi hutoka baharini," akasema. "Watoto wangu wa darasa la tatu wanalijua hilo."

Nikasema labda maji ya bahari na ziwa hukutana kwa chini. Akaiweka simbi kiganjani mwangu. Hapo nikashindwa. Nikamwambia yote: Kwandu, kopo, basi, Masele, Kimali, lambo, ng'ombe wamesimama ndani. Nikamwambia nilitaka aokote kitu kizuri na mimi niwe nimesimama pale. Nikangoja ainuke aende.

Akacheka. Alicheka mpaka akashika meza, foleni yote nje ikacheka nayo bila kujua kwa nini. Akafuta machozi. Akasema mwanamume wa kumtumia kopo la simbi kwa basi hajapata kumwona na pengine hatamwona tena.

"Kaseme hivyo hivyo mbele ya kwaya," akasema. "Ukisema kweli yote, shangazi yako aende kwetu kwa baba. Na usinifanyie tena mpango, Marcelo. Hata mmoja."

Nikaapa. Ningeapa hata kwa kiboko!

Saa kumi na moja nikasimama mbele ya kwaya. Nikasema yote tena, sikuacha hata ushanga wa bure. Katekista Luhende akanipa mkono, akaniamini, akaniambia nifagie kanisa mpaka mwisho wa mwezi. Deogratias aliamini pia, ila hakufurahi, bado anaomboleza darubini.

Wengine hakuna aliyeamini! Limbu wa sauti ya nne akasimama akauliza kwa utulivu: kama Marcelo si mfumu, yule mtamba je? Na lile jiwe je? Wakatikisa vichwa. Wakasema anayekataa sana ndiye mwenyewe. Mmoja wao kanifuata mlangoni kuulizia kuku wake.

Hainihusu tena. Felisita katabasamu. Safari hii dirisha lilikuwa upande mwingine kabisa.

Jumapili, 13 Julai

Nimefagia kanisa nikiimba. Sengi anakwenda Lagangabilili Jumamosi, kwa baba yake Felisita! Ameshatoa vitenge vyake sandukuni kuvianika. Simbi zangu ziko kwenye meza ya darasa la tatu, upande wa bahari, na makombe ya ziwani upande wa pili, watoto wanayapanga na kuyachanganya kutwa. Felisita kawaambia ni zawadi ya fundi baiskeli. Mimi huyo!

Nimejifunza. Naandika hapa ili nisisahau: ukweli ndio njia fupi, na mtu akikupenda anakupenda na Kimali yako. Sitafukia tena kitu chochote maisha yangu yote.

Baada ya misa tulitembea pamoja mpaka sokoni. Nikamuuliza baba yake ni mtu wa namna gani. Akasema ni mpole, mtu wa nyuki, ana mizinga tangu ujana wake, na kila mgeni humpeleka kwanza akaione. Akasema mzee hana neno na mtu asiyejua nyuki, anapenda tu kufundisha.

Anapenda kufundisha. Maana yake Deogratias angefundishika vizuri kuliko mimi, na mzee angempenda.

Nikasikia sauti ikisema mimi nimekulia kwenye nyuki. Nikageuka kutazama ni nani aliyesema. Felisita akasimama. Akaniangalia usoni, akafumba macho, akaomba jambo fulani kimoyomoyo. Kisha akasema vizuri, atamwambia baba, na mzee atafurahi kuja kuiona mizinga yangu.

Lakini huu si mpango! Mizinga haifukiwi, hutundikwa. Ni jambo tofauti kabisa. Nimeshaagiza mitatu kwa seremala, na Masele ana shamba lenye miti mizuri, kazi ya kutundika ni ya asubuhi moja.

Nimempigia sasa hivi. Amekubali kabla sijamaliza. Ila anauliza unga wa mtama autie ndani ya mzinga au aunyunyize nje tu.